Gitaa Kavu na Kasha Lake: Kweli au Uongo?

"Kasha likiandikwa 4/4, gitaa lolote la mtu mzima litaenea."

Uongo, na ndio uongo unaouza makasha mengi yasiyofaa. Hiyo 4/4 inakwambia tu kwamba gitaa si la mtoto. Kuhusu kiwiliwili haisemi neno. Gitaa la umbo la dreadnought la kampuni ya Martin, lenye freti 14 hadi kwenye kiwiliwili, lina upana wa inchi 15⅝ sehemu ya chini, na kina cha karibu inchi 4⅞. Umbo la OM la kampuni hiyohiyo hutumia urefu uleule wa nyuzi, inchi 25.4, lakini upana wake ni inchi 15 na kina ni inchi 4⅛ tu. Gibson J-200 inafika inchi 17. J-200 haitaingia kabisa kwenye kasha la dreadnought, na hiyo ni nafuu, maana utajua ukiwa bado dukani. OM ndiyo itakayokudanganya: kifuniko kitafunga bila shida, kumbe ndani gitaa linaogelea.

Basi nenda na futikamba, hata ya fundi cherehani. Pima upana wa chini, kiuno, mabega, urefu wa kiwiliwili, kisha urefu wote hadi ncha ya kichwa. Usisahau kina, kwani karibu kila mtu hukisahau. Gitaa la nyuzi 12 lina kichwa kirefu, kwa hiyo ule urefu wote upime kwa makini zaidi.

"Likiwa kubwa kidogo, nitajazia nguo."

Nusu kweli. Kitambaa laini kilichokunjwa pembeni na chini ya kiwiliwili kinasaidia, mradi kisikandamize uso wa gitaa. Kisichorekebishwa kwa fulana ni shingo. Shingo inatakiwa ilale kwenye egemeo lake, na kichwa kining'inie bila kugusa kitu. Kasha likianguka chali huku kichwa kimeegemea sakafu ya kasha, pigo lote huishia pale shingo inapokutana na kichwa, penye mti mwembamba kuliko kwingine. Magitaa mengi yamevunjikia hapo, kasha halina hata mkwaruzo.

"Ukikalia kifuniko kikafunga, limetosha."

Uongo. Kifuniko kifunge kwa uzito wake chenyewe. Ukilazimika kukisukuma, ujue kinabana daraja au nyuzi. Kikishafunga, liinue kasha ulitikise taratibu. Ukisikia gitaa likigonga, lirudishe rafuni.

"Kasha gumu huzuia joto."

Uongo. Ndani ya gari lililoegeshwa juani gundi hulainika, na daraja huweza kubanduka, kasha liwe gumu kiasi gani.

"Ukiwa na kasha gumu, gitaa likabidhi tu kwa mizigo ya ndege."

Mimi singethubutu. Mwaka 2008 gitaa la Taylor la mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, lilivunjika mikononi mwa wapakia mizigo wa shirika la ndege la United, na wimbo alioutoa mwaka uliofuata ukaenea dunia nzima. Kasha la kawaida limetengenezwa kwa ajili ya gari na ngazi za nyumbani. Marekani, sheria ya mwaka 2012 inayataka mashirika ya ndege kuruhusu ala ndogo ndani pamoja na abiria, ikiwa nafasi ipo wakati wa kupanda. Anayesafiri huko na gitaa, basi, asiwe wa mwisho kwenye foleni.