Jino Lisilosubiri Kesho

Mtu aliyekeshwa na jino kijijini haanzii kwa daktari wa meno. Huenda zahanati, kwa muuguzi au tabibu yuleyule anayepima malaria na kuchanja watoto. Hupewa paracetamoli na amoksilini, maumivu yakatulia, naye akarudi shambani. Hapo ndipo penye hatari. Kiini cha jino kikishakufa hakipitiwi tena na damu, kwa hiyo dawa ya kumeza haifiki kwenye chimbuko la usaha. Jipu la jino hutibiwa kwa kuutoa usaha, kisha kuling'oa jino au kuutibu mzizi wake.

Ya kuogopwa zaidi ni magego ya chini, ya nyuma kabisa. Mizizi yake hushuka kupita mahali unapojishikiza msuli unaofanya sakafu ya kinywa. Usaha ukitoboa mfupa wa taya kwa upande wa ulimi, huangukia chini ya msuli huo na kusambaa shingoni. Uvimbe ukishika pande zote mbili, sakafu ya kinywa huinuka, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya hewa huziba. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, miaka mingi kabla ya antibayotiki. Leo dawa zipo, lakini watu bado hufa kwa jino, na mimi naona ni msiba usiovumilika, kwa sababu dalili zake huonekana kwa macho.

Mgonjwa hawezi kufumbua kinywa vizuri. Mate yanamdondoka kwa kuwa kumeza kunamuuma. Sauti imebadilika, chini ya kidevu pamevimba na kuwa pagumu, na akilala chali anakosa pumzi. Huyu hapangiwi tarehe ya kurudi. Huanzishiwa antibayotiki ya sindano hapohapo na kusafirishwa hospitali siku hiyohiyo, akiwa ameketi. Na aulizwe kuhusu kisukari, maana mwenye sukari isiyodhibitiwa uambukizo humwendea mbio.

Kumfundisha muuguzi haya hakumgeuzi kuwa daktari wa meno. Anachohitaji ni tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi, na mazoea ya kutazama kinywa cha kila anayeingia, hata aliyekuja kwa jambo jingine. Kwenye kliniki ya watoto, ainue mdomo wa juu wa mtoto. Madoa meupe kama chokaa kando ya fizi ni meno yanayoanza kuoza, na hatua hiyo bado yaweza kuzuiwa kwa floridi.

Kliniki hiyohiyo ndiyo mahali pa kupambana na imani ya "meno ya plastiki", iliyoenea Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, fizi zake zimetuna pale meno ya chonge yanapojiandaa kuota, na mzazi anaambiwa kwamba humo mna meno mabaya. Chipukizi la jino huchimbwa kwa spoku ya baiskeli au sindano, bila ganzi. Kuhara kunaendelea, na sasa mtoto ana kidonda ambamo pepunda au VVU vyaweza kuingia. Muuguzi anayeutambua uvimbe huo kuwa wa kawaida ampe mtoto maji yenye chumvichumvi na zinki, na amweleze mama kwa upole. Akimfokea, mama ataondoka na hatarudi.

Kisha kuna noma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, aghalabu baada ya surua. Huanza kwa fizi zenye vidonda, damu na harufu kali, kisha shavu huvimba na kuoza kwa siku chache. Bila tiba huua hadi asilimia 90 ya wanaoupata. Ukigunduliwa ungali kwenye fizi, huzuiwa kwa amoksilini, metronidazoli, kusukutua kwa maji ya chumvi na chakula chenye lishe, na dawa hizo mbili ni za kawaida katika zahanati zetu.