Mzamiaji na Mwenziwe: Pwani Ipi Iwafae?

Sisi wenyeji wa nchi za bara, ambao maji yetu makubwa ni ya ziwa, tumezoea kuishangilia bahari kutoka ufukweni. Tukifika Mombasa au Unguja huvua viatu, tukakunja suruali, tukaonja chumvi, kisha tukarudi nyumbani na makombe mfukoni. Lakini wapo sasa wenzetu ambao hilo haliwatoshi. Wamejifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, wakafanya mitihani yao, wakapewa vyeti. Hamu yao ni kuona kilicho chini.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nyumba nyingi hulipatia jibu baya. Mmoja ana cheti, mwingine hazamii na wala hana nia ya kuzamia. Likizo ya mwaka ni moja, na akiba ya nyumba ni moja. Waende wapi?

Aghalabu mwenye cheti huanza kwa kuuliza ni wapi kwenye miamba yenye sifa kuu kuliko yote. Akishatajiwa, tiketi hukatwa, na mwenziwe hufuata kama mzigo. Sisi twaona kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Yafaa kwanza kuuliza: yule atakayebaki juu ya maji atapata nini? Na tutaonyesha kwamba jibu la swali hilo, mara nyingi, ndilo linalomfaa hata mzamiaji mwenyewe.

Cheti kina mipaka yake

Chombo cha kupumulia chini ya maji kama tukijuavyo leo kilitengenezwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Tangu hapo bahari imefunguliwa kwa watu wa kawaida, lakini sheria zake hazikubadilika. Kila mita 10 mtu anazoshuka, shinikizo la maji huongezeka kwa kadiri ya uzito mzima wa hewa iliyo juu ya dunia. Hewa ijazayo mapafu kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu. Kwa sababu hiyo amri ya kwanza ya uzamiaji ni kutozuia pumzi hata mara moja, na ya pili ni kupanda polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo.

Cheti cha awali humruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Cheti cha daraja la pili humfikisha mita 30, na mwisho wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Basi mtu aliyezamia mara nne au tano tu katika maisha yake, akipelekwa kwenye ukuta wa matumbawe unaoteremka gizani, huku mkondo ukimvuta, atakuwa amelipa fedha nyingi kutazama asichoruhusiwa kukifikia. Mbaya zaidi, huenda akashawishika kukifikia. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Anachohitaji mzamiaji mpya ni maji ya utulivu, mwamba wenye kina kifupi, mashua isiyokwenda mbali, na mkufunzi asiyechukua kundi kubwa. Na mahali penye sifa hizo, ndugu msomaji, ndipo pia mtu asiyezamia awezapo kuvaa miwani na mrija akaelea juu akiwatazama samaki walewale.

Saa za mwenzi

Tuzihesabu saa za siku. Mashua za wazamiaji hutoka asubuhi, wakazamia mara mbili, wakarejea adhuhuri au baadaye kidogo. Katika siku tano za namna hiyo, mwenzi huachwa peke yake asubuhi tano. Ikiwa hoteli iko pahali pa upweke, pasipo mji wala soko, asubuhi hizo huwa ndefu, na chakula cha jioni huliwa kwa kununiana. Mwenzi asiwe mtu wa kusubiri. Na awe na mji wa kutembea, historia ya kusoma katika kuta, msitu wa kuingia au ufuko wa kuogelea.

Tukiwa na mizani hiyo mkononi, na tuzipime pwani nne.

Pemba. Kisiwa hiki kimetengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, ndiyo maana kuta zake za matumbawe zina sifa kubwa miongoni mwa wazamiaji wakongwe. Lakini mikondo yake ni mikali, na pahali pengi pana kina kirefu. Yapo maji ya utulivu karibu na kisiwa cha Misali, na msitu wa Ngezi una popo wakubwa wasiopatikana kwingineko. Hata hivyo hoteli ni chache na ziko mbalimbali, na mwenzi asiyezamia atayamaliza matembezi yake upesi. Rai yetu ni kwamba Pemba isubiri. Mzamiaji atakuwa amejijengea uzoefu, na kuta zile hazitakuwa zimeondoka.

Mafia. Hapa ndipo ilipoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, mwaka 1995, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole hukingwa na miamba, lakini mlango wake wa Kinasi hupitisha maji kwa nguvu yanapojaa na kupwa, hivyo mgeni asiingie humo ila pamoja na mkufunzi aijuaye saa yake. Fadhila kubwa ya Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo sana vya majini na hamdhuru mtu. Huonekana zaidi upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, na kumtazama hakuhitaji mtungi: mume na mke huogelea bega kwa bega kwa miwani na mrija. Kuna pia magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, mji ulioangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mafia yawafaa wawili wanaopenda viumbe na ukimya, na wasiohuzunika kukosa mabaraza ya usiku.

Watamu. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa na Kenya mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kale zaidi za aina yake katika Afrika. Miamba yake mingi iko ndani ya mita ambazo cheti cha awali huruhusu. Asiyezamia hupanda mashua yenye kioo sakafuni. Akichoka na maji, magofu ya Gede yako karibu: misikiti, makaburi na jumba la mfalme katikati ya miti mikubwa, mji uliohamwa katika karne ya 17 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, na mikoko ya mkono wa bahari wa Mida. Kwa atokaye bara kwa basi au gari moshi, safari hii ndiyo nyepesi kwa mfuko. Dosari yake ni majira: mvua zikinyesha, mto Sabaki huleta matope baharini, na upepo wa kusi ukishika, vituo vingi vya kuzamia hufungwa kati ya Mei na Julai.

Unguja. Mbele ya Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, yamo mafungu ya matumbawe ya Pange, Bawe na Murogo, yasiyo na kina cha kutisha. Yamo pia mabaki ya meli ya Great Northern, iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu na ikazama mwaka 1902. Yako kwenye kina cha mita 12 hivi, na hata mwanagenzi huyaona. Kaskazini mashariki kuna Mnemba, ambako mashua moja huwachukua wote wawili, mmoja akashuka na mwingine akaelea, ingawa mashua huwa nyingi na yafaa kutoka mapema. Lakini fungu la Leven, lililo baharini kaskazini ya Nungwi, ni la kina na mikondo. Mgeni alikatae hata akisifiwa vipi.

Kwa asiyezamia, Unguja haina mpinzani. Asubuhi moja ataipa mitaa na milango ya Mji Mkongwe, akivaa mavazi ya staha kama desturi ya wenyeji itakavyo. Ya pili ataipa mashamba ya viungo. Ya tatu, msitu wa Jozani wenye kima punju, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani ila kisiwani humo. Ya nne, kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli.

Hapo lakini pana jambo moja ambalo picha za matangazo hazilisemi. Katika pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari hurudi nyuma sana, na mtu aliyetaka kuogelea hubaki akitazama mchanga, mwani na akina mama wanaouvuna. Ni mandhari nzuri, lakini si ya kuogelea. Anayetaka maji saa zote atafute Nungwi au Kendwa, upande wa kaskazini.

Upepo na mwezi

Akishachagua mahali, msafiri achague siku, na siku za bahari huhesabiwa kwa pepo na mwezi kabla ya karatasi ya ofisi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hufuata, pamoja na mvua za masika, na nguvu yake hufika katikati ya mwaka. Kati ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba kabla vuli haijashika, na tena Februari hadi mwanzo wa Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu.

Kisha mwezi. Wavuvi wa pwani hutofautisha bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua huja, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji mengi hivyo hayawezi kupita katika milango ya miamba bila kuleta mkondo. Wakati wa mwezi nusu ni maji mafu, na mikondo hupoa. Mzamiaji mpya atakayeomba likizo yake iangukie maji mafu atakuwa amejinunulia usalama bila kutoa hata senti. Na mwenziwe wa pwani ya mashariki atakuwa amepunguziwa safari ya kuyafuata maji.

Njia ya kurudi ni mlima

Tumeacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote kwa sisi watu wa bara. Mzamiaji apumuapo hewa iliyoshinikizwa, gesi ya naitrojeni huingia katika damu na mwili wake, nayo hutaka muda kutoka. Shinikizo likipungua ghafula, gesi hiyo hufanya mapovu mwilini, kama chupa ya soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo huweza kuleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo.

Ndiyo maana miongozo ya wataalamu humtaka aliyezamia mara moja tu kungoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia siku kadhaa angalau saa 18. Wengi huona ni busara kungoja siku nzima. Wasafiri wa bara husahau kwamba si ndege tu inayopanda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ufuo wa Ziwa Victoria zaidi ya mita 1,100. Atakayezamia asubuhi Watamu kisha akapanda basi la usiku au gari moshi la Mombasa atakuwa amepandisha mwili wake mlimani kabla haujawa tayari.

Tena aulize mapema ni wapi kilipo chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu, na asome kama bima yake inataja uzamiaji. Mwenye mafua, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na mwanamke mjamzito asizamie.

Basi siku ya mwisho ya likizo isiwe ya mtungi. Na iwe siku ya mwenzi: yeye aamke na kusema leo twende wapi, na mwenye cheti amfuate, iwe ni Gede, iwe ni Jozani, iwe ni sokoni kununua karafuu.

Kwa jumla, shauri letu ni hili: kwa safari ya kwanza, Unguja, wakigawa siku kati ya Mji Mkongwe na kaskazini, Watamu kwa wenye akiba ndogo, wakiepuka kusi, Mafia kwa wapenda viumbe, msimu wa papa potwe, na Pemba baada ya miaka michache. Mwili wa mzamiaji utakaopumzishwa siku ya mwisho ndio utakaomrudisha salama juu ya mlima wetu, na asubuhi za mwenziwe zilizopangwa vyema ndizo zitakazofanya safari ya pili ikubaliwe bila ugomvi.