Kula Zanzibar bila kula mtaji



Likizo ikikaribia, wengi wetu tunapanga kwenda Zanzibar siku tatu nne kupumzisha kichwa. Nauli ya boti mtu anaijua, chumba kashalipia, hata nguo za kupigia picha ziko tayari. Chakula ndo hakuna anayekipigia hesabu. "Tutakula huko huko." Sasa kwa sisi tunaouza mtandaoni hatari iko hapo, kwa sababu ukisafiri duka unalo mfukoni. Simu inayopokea hela ya mteja ndiyo hiyo hiyo unayolipia kamba wa kuchoma pale ufukweni. Chumba unalipa mara moja, umemaliza. Chakula unalipa mara tatu kwa siku, na katikati kuna maji, kuna soda, kuna juisi ya embe. Unarudi Dar, mteja anauliza mzigo wake umefikia wapi, na hela aliyokutumia ya kununulia huo mzigo ilishaliwa Nungwi.

Kwa hiyo kabla ya yote jifunze kupima sahani kwa faida yako, siyo kwa mauzo. Tuseme unauza madera na kila dera linakuachia 4,000. Sahani ya 40,000 siyo 40,000, ni madera kumi. Madera kumi maana yake umepiga picha, umeposti, umejibu "bei gani?" na bei imeandikwa juu ya picha, umetuma rangi zote sita kwa mtu ambaye mwishowe hakununua, umefunga mzigo, umempa bodaboda aupeleke stendi. Mara kumi. Ukishapima hivyo, kuna sahani utasema hii inastahili, na nyingine utairudisha menyu taratibu na kuomba maji. Sisemi usile kizuri. Nasema ujue umelipa madera mangapi.

La pili, tenga hela ya kula kabla hujapanda boti. Lipa namba ya biashara usiiguse kabisa. Hela ya chakula itoe taslimu kwa mkupuo mmoja, maana ukitoa kidogo kidogo makato yanakula kila safari, na mama lishe wengi wanataka taslimu. Igawe kwenye bahasha kwa siku, siku nne bahasha nne. Kila asubuhi unatembea na moja, nyingine unaziacha chumbani pahala salama. Kinachobaki jioni kinaingia kwenye bahasha ya mlo mkubwa, nitaufikia. Na wateja waambie mapema kwamba mizigo itatoka tarehe fulani, ili usiwe unapokea hela za watu ukiwa na njaa.

Sasa tuingie mjini. Unguja ina bei mbili, ya ufukweni na ya mtaani, na wewe una kitu ambacho mgeni wa Ulaya hana: Kiswahili. Hicho ni punguzo, ila kina adabu yake. Ukifika kwa mtu usianze na "nipe menyu". Salimia kwanza. Mtu mzima mpe shikamoo yake, ukijua salamu ya Kiislamu itoe. Halafu uliza: "Mama, wali kwa samaki leo bei gani?" Aliyesalimia na kutaja chakula kwa jina lake haonekani mtu wa kupangiwa bei.

Asubuhi, kama chumba chako kina chai ndani ya bei, ile vizuri na uile kwa kuchelewa, saa tatu hivi, itakufikisha mchana. Kama hakina, usihangaike. Mitaa ya nyuma ya Darajani na Mji Mkongwe ina chapati, maharage ya nazi, mihogo, vitumbua, mkate wa mofa, supu. Umeshiba kwa hela ambayo hotelini ingeishia kwenye kikombe cha kahawa. Kahawa yenyewe, ile chungu ya vikombe vidogo, kanywee barazani pale Jaws Corner pamoja na wazee, na kashata yako mkononi. Utasikia na siasa bure.

Mchana ndo mlo wa kuutegemea. Wazanzibari wengi wanakula chakula kizito mchana: wali, samaki wa nazi, mchuzi, mboga, na Ijumaa pilau au biriani. Nenda saa saba, usingoje saa tisa, maana kwa mama lishe chakula kikiisha kimeisha. Mimi huo ndo mlo ninaoshauri ushibe hasa, ili usiku usiwe na njaa ya kukuburuza hadi kwenye meza yenye mishumaa.

Alasiri, urojo. Wengine wanauita Zanzibar mix. Ni uji mwepesi wa manjano wenye uchachu wa embe, ndani yake viazi, bajia, kachori, chatini ya nazi, juu chipsi nyembamba za muhogo, na mshikaki ukitaka. Vuga wanasifika nao, lakini kila mtaa una wake na kila mtu atakuapia kwamba wa kwao ndo wenyewe. Bakuli moja linakushika hadi usiku. Anza na pilipili kidogo.

Usiku watu wote wanaelekea Forodhani. Nenda, pale panapendeza, ila nenda na macho ya mfanyabiashara. Meza zimejaa mishikaki ya pweza, ngisi, kamba na samaki, taa zinawaka, na kwenye meza nyingi bei haijaandikwa popote. Muuzaji anakukaribisha vizuri, anakupangia sahani, anaongeza hiki, anaongeza kile, anachoma, halafu ndo anataja jumla. Sisi tunaijua hiyo biashara, kuna wenzetu wanaandika "njoo inbox" kwa sababu hiyo hiyo. Uliza bei ya kila mshikaki kabla haujagusa moto, na mwambie idadi unayotaka, basi. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haina mashaka. Ile Zanzibar pizza, chapati nyembamba inayojazwa nyama na yai ikakaangwa mbele yako, uliza kabla hajavunja yai, kwa sababu kila kinachoongezwa kinapandisha bei.

Ufukweni ndo pagumu. Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, ukikaa kwenye mgahawa unaotazama bahari unalipia na bahari. Lakini wapishi, wahudumu na walinzi wa hoteli hizo hizo nao wanakula mchana, na hawali pale. Nyuma ya hoteli, ndani ya kijiji, kuna vibanda vya wali na samaki. Muulize bodaboda swali moja: "Wewe unakula wapi?" Siyo "wapi pazuri", maana hapo atakupeleka kwa wageni. Muulize anapokula yeye. Au mchana angalia wenye sare za hoteli wanakatiza kuelekea wapi. Ukishakula kijijini, rudi ufukweni ununue dafu moja, kaa nalo, piga picha zako zote. Kwenye picha hakuna anayejua umekula wapi.

Pale unapokaa kwenye mgahawa wa bei, uliza mambo mawili kabla ya kuagiza: bei hii ina kodi na huduma ndani yake, au mtaongeza mwishoni? Na samaki huyu mnamuuza kwa sahani au kwa kilo? Samaki wa kilo usimkubali kabla hajapimwa mbele yako.

Maji nunua chupa kubwa dukani mtaani uweke chumbani, na utembee na kachupa unakojaza. Joto la kule litakunywesha maji mengi, na chupa ndogo za hotelini zinaondoka na hela kimya kimya. Matunda nunua Darajani kwa wenyeji, ya msimu. Doriani ukiipenda kaile nje, chumbani usiingie nayo, utagombana na mwenye nyumba. Na beba kikapu chako, kwani mifuko ya plastiki Zanzibar iliikataza tangu 2006, miaka mingi kabla ya huku bara.

Ule mlo mkubwa sasa. Uwe mmoja, na uuchague mwenyewe siyo ukukute njiani. Kama utaenda safari ya mashua ya siku nzima au matembezi ya mashamba ya viungo, uliza kwanza kama chakula cha mchana kimo, maana mara nyingi kimo. Safari nyingi za mashua huandaa samaki na vya baharini vya kuchoma, na ziara za viungo zinapenda kukupa pilau. Siku hiyo ndo siku yako ya kamba, umeshailipia, usipange chakula kingine cha bei usiku. Kama huendi safari yoyote, chukua zile bahasha zilizobakiza, kaa na mwenzio mahali pazuri jua linazama, kula bila kuhesabu madera. Ulishayahesabu.

Kuna jambo la tarehe pia. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi ya mitaani inafungwa, na kula hadharani hairuhusiwi. Asiyejua anajikuta analipa bei ya hoteli kila mchana. Mwezi huo hurudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia kabla ya kulipia boti. Ukienda, nunua cha mchana tangu usiku, ukile chumbani kwa stara. Jioni utafidiwa: kuelekea magharibi barabara zinajaa futari, tambi, mihogo ya nazi, ndizi mbivu, sambusa, mikate ya ufuta, kwa bei ya wenyeji. Na kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Desemba, wageni ni wengi na ufukweni bei zinakaza. Aprili na Mei mvua ya masika inanyesha, baadhi ya hoteli zinafunga, na zilizobaki unaweza kukaa ukajadiliana nao, hata juu ya chakula.

Siku ya kurudi fika bandarini umeshakula, na maandazi yako kwenye kikapu. Bahasha ya mwisho ikiwa na chochote ndani, usiimalizie bandarini. Ukishuka Dar irudishe kwenye laini ya biashara siku hiyo hiyo, halafu fungua simu uone nani anasubiri mzigo.