Anayenunua masweta ili ayafumue

Wengi wetu tukishika sweta la mtumba hulinyoosha kifuani, tukalipimia mabega, tukalinusa kwapa. Mama mmoja niliyemkuta kwenye rundo la "chagua jero" mjini Njombe hakufanya lolote kati ya hayo. Kila sweta aliligeuza ndani nje, akaukwaruza mshono wa ubavuni kwa kucha ya kidole gumba, kisha ama akalirudisha au akalitupia begani. Alirudisha moja jekundu, karibu jipya, ambalo mimi ningelivaa palepale. Akachukua la kijani lililotoboka viwiko vyote viwili, akatoa mia tano yake, akaondoka.

Njombe nilikuwa nimefuata habari za bei ya viazi. Viazi vikasubiri.

"Lile jekundu limekatwa mkasi," alinijibu nilipomfuata na kumwamkia. "Nikilinunua napata nyuzi za urefu huu." Alionyesha upana wa kifua chake. "Mia tatu, mia nne. Nitafunga mafundo mpaka nizeeke, mwanangu."

Nyumbani kwake alinionyesha. Yapo masweta yanayofumwa kipande kwa kipande: mgongo, kifua, mkono mmoja, mkono wa pili, kila kipande na ukingo wake, halafu vipande vinaunganishwa kwa uzi wa mnyororo. Mengine hukatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa kilichokwisha kufumwa, kama fundi cherehani anavyokata suruali, na kingo zake zikafungwa kwa ovaloki. Ukilifumua hilo la pili, kila mstari unaishia pale mkasi ulipopita. La kwanza lina uzi mmoja unaokwenda na kurudi kutoka pindo hadi shingo.

Akalishika lile la kijani. Alitafuta upande sahihi wa mnyororo kwenye mshono wa ubavu, maana upande mmoja tu ndio unaokubali, akakata kitanzi kimoja kwa wembe na kuvuta. Mshono wote ukakimbia wenyewe kutoka kwapani hadi kiunoni. Akafanya vivyo hivyo kwenye mikono na kola. Kwa muda mfupi sweta likawa vipande vinne juu ya mkeka. Kisha akaanza na mgongo, kutokea juu, kwa kuwa ufumaji hufumuka kuanzia pale ulipomalizikia. Uzi ukatoka umejikunja kama tambi za pakiti, vitanzi vikiachiana mstari kwa mstari, huku mjukuu wake akiuzungushia mgongo wa kiti. Hapakuwa na haraka wala mapumziko. Uzi ulipokutana na tundu la kiwiko, kwenye kipande cha mkono, alikata, akafunga fundo dogo, akaendelea.

"Usiufume hivihivi," alionya. "Ukiufuma na mikunjo yake, sweta linakuja na mawimbi."

Kwa hiyo uzi hufungwa sehemu nne usije ukavurugika, ukaloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukatundikwa kambani na chupa ya maji ikining'inia chini yake hadi ukauke. Unanyooka. Maji ya moto na kufikicha ni marufuku kama uzi ni wa sufu, kwani hushikamana na kuwa mgumu, na hapo haufumuki wala haufumiki. Atajuaje ni sufu? Hukata kipande cha kidole kimoja na kukichoma kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, ikaacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Akriliki hukauka upesi na haiwashi ngozi ya mtoto. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na anayeijua Njombe ya Juni na Julai haelezwi maana ya unyevu.

Ufundi wenyewe aliupata shuleni, kwenye sayansi kimu, enzi ambazo msichana asiyeleta sindano alifuma kwa spoku za baiskeli zilizonolewa sakafuni. Anazo hadi leo. Spoku moja ameikunja ncha na kuipiga tupa ikawa sindano ya kroshia, anayofumia pindo za mablanketi. Ni nyembamba, kama milimita mbili tu, na kazi yake hutoka imeshikana vizuri. Sweta moja la mtu mzima humpa sweta la mtoto, kofia na soksi, na pengine hubaki donge la kuchanganyia rangi. Donge moja jipya la dukani, anasema, linalipita bei sweta zima la rundoni.

Kofia ndizo zinazomsumbua zaidi. Mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 hupoteza joto haraka, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake. Kichwa cha mtoto aliyetimia kina mzunguko wa sentimeta 35 hivi. Yeye hufuma pia za 28. "Hizo siwezi kumwambia mama asubiri wiki," alisema, na hakuongeza neno.

Jina lake aliomba lisiandikwe. Si wateja wote wanaojua uzi unatoka wapi. Wanadanganywa? "Hawaniulizi. Wakiniuliza nitasema." Ameufua, ameunyoosha, ameufuma kwa siku kadhaa, na siku hizo hazimo kwenye bei. Sikuona sababu ya kumbana zaidi, ingawa swali halijaniondoka.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilitaka mitumba iondolewe hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo zake nafuu ya AGOA, ile ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Wenzake walishalegeza kamba. Katika ubishi ule tulisema sana kuhusu viwanda na heshima. Sikumbuki kusikia mtu akisema kwamba nguo chakavu inaweza kuwa malighafi ya fundi.

Sasa malighafi hiyo inachuja bila sheria yoyote. Nguo za bei rahisi zinazoshonwa harakaharaka ndizo zinazokuja kwa wingi: zimekatwa mkasi, nyuzi zimechanganywa, ukivuta zinakatika. "Ya zamani yanafumuka, ya sasa yanavunjika mkononi," alisema. Amejaribu kukata fulana kuwa kanda na kuzifuma kwa kroshia. Zinatoka kapeti nzuri za mlangoni, lakini mtoto hafunikwi kapeti.

Na mwenye rundo naye ana macho. Wiki ya pili baada ya mazungumzo yetu nilimpigia mama simu kuhakiki jambo la mshono. Akanieleza kwamba kijana yule ameanza kugeuza masweta ndani nje kabla ya kuyamwaga, na yenye mnyororo anayaweka pembeni, elfu moja na mia tano kila moja. Mama alinunua mawili. Bei ya kofia hajaipandisha, na nilipomuuliza ataipandisha lini, alisema kwanza aone gulio lijalo.