Maneno Matatu, Kazi Moja
Kutoka Karavia, Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90 tu. Ng'ambo ya pili, nchini Zambia, Kiingereza ndiyo lugha rasmi.

Hapo ndipo msomi aliyesomeshwa kwa Kifaransa hukwama. Akiifuata "conformément à", huandika "in accordance to", ilhali Kiingereza sanifu kinadai "in accordance with". Hata "with regard to" haitaki "s"; yenye "s" ni "as regards". Vihusishi vya namna hii havikisiwi. Hujifunzwa vizima, na barua ya kuomba kazi huonyesha mara moja nani kajifunza.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji tayari: husema "kwa mujibu wa" na "kwa niaba ya", wala havichanganyi viungo vyake.