Konokono au Kome? Tatizo la Kuwataja Wabuai wa Baharini

Mwanafunzi wa Masasi, au wa Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, asomapo neno "konokono" humkumbuka yule wa shambani, atokaye wakati wa mvua, ambaye hula majani wala hamdhuru mtu. Neno hilo hilo likitumiwa kumtaja mnyama wa baharini, laweza kumpotosha.

Katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Mtwara wamo konokono walio wabuai. Wale wa jenasi ya Conus wana jino lenye tundu ndani, mfano wa sindano, ambalo huchoma windo na kulitia sumu. Wengi wao hula minyoo, wengine hula konokono wenzao, na wachache hula samaki. Conus geographus, alaye samaki, amewahi kuua watu. Wale wa familia ya Naticidae huishi mchangani, nao hutoboa magamba ya chaza ili kula nyama iliyomo.

Tunapendekeza "konokono" libaki kwa wa nchi kavu, na "kome", neno la watu wa pwani, litumike kwa wa baharini. Kwa kuwa si kome wote wawindao, wawindao waitwe "kome wabuai". Conus aitwe "kome-pia", kwani gamba lake lina umbo la pia, ambayo kila mtoto ameichezea.

Mtoto ashukaye Mtwara kwa mara ya kwanza huvutwa na gamba zuri. Akiwa amefundishwa kome-pia ni nani, ataliacha lilipo. Wasomaji wanaombwa kutoa maoni yao.