MAKTABA ZA KOMPYUTA NA JINSI ZINAVYOINGIZWA

Chumba chetu cha kompyuta mnakijua. Mna mashine kumi na nne: tisa zatumia Windows 7, na tano zatumia Linux ya aina ya Ubuntu 20.04. Intaneti haimo. Chama cha Jiografia kina daftari la mvua la miaka kumi na moja, nacho kimetuomba sisi wa Chama cha Kompyuta tulipige hesabu, mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo huwa nyepesi ukiwa na maktaba iitwayo NumPy. Lakini sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka mwezi wa Novemba, na watakaobaki wasipojua namna ya kuiingiza, daftari litarudi kabatini.

Maktaba ninayoisema si nyumba ya vitabu. Ni programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ili wewe uzitumie katika programu yako, kama vile seremala anunuavyo misumari wala hajifulii mwenyewe. Lugha tunayojifunza ni Python, iliyotolewa na Bwana Guido van Rossum mwaka 1991. Maktaba zake zimewekwa katika ghala moja kwenye intaneti, liitwalo PyPI, na mtumishi anayezileta ni programu ndogo iitwayo pip.

Maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu haina taabu. Faili moja yatosha mashine zote, na jina lake huishia na none-any. NumPy si hivyo. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C ili iende mbio, na C haina budi kugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine yenyewe. Kilichogeuzwa kwa ajili ya Windows hakifanyi kazi katika Linux, hata mashine zikiwa ndugu wa kiwanda kimoja, kwa maana kila mfumo una umbo lake la faili na njia yake ya kuombwa kazi. Basi NumPy si kitu kimoja. Ni faili nyingi zenye jina moja la ukoo.

Zamani mtu wa Windows mara nyingi alipewa ile C akaambiwa aigeuze mwenyewe, na Windows haiji na chombo cha kugeuzia. Mwaka 2012 ulitengenezwa utaratibu wa kufunga maktaba ikiwa imekwisha kugeuzwa. Faili hiyo waliiita Gurudumu. Kwa kweli ni zip tu, ila mkia wake ni .whl. Linux ilichelewa, kwa kuwa aina zake ni nyingi na umri wake mbalimbali. Mwaka 2016 wakapata dawa: maktaba ijengwe juu ya Linux kuukuu, CentOS 5 ya mwaka 2007, maana kilichojengwa juu ya kuukuu hukubaliwa na mpya, lakini cha mpya hukataliwa na kuukuu. Mimi naiona hila hiyo kuwa nzuri kuliko zote. Magurudumu hayo huitwa manylinux.

Sasa tulisome jina:

numpy-1.24.4-cp38-cp38-win_amd64.whl

Kwanza ni maktaba na toleo lake. cp38 maana yake ni Python 3.8, ambayo ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Mwisho ni mashine: Windows ya biti 64. Neno amd64 lisiwatishe wenye mashine za Intel; limebaki kwa sababu kampuni ya AMD ndiyo iliyobuni mpango huo. Windows zetu nne ni za biti 32, nazo zataka win32.

Hapa ndipo fedha hupotea. Muhula uliopita duka moja la mjini lilitupakulia NumPy kwa malipo, na mashine zetu zote kumi na nne ziliikataa. Pip huitazama mashine iliyomo, ikachagua faili ya mashine hiyo. Ukiituma kutoka kompyuta mpya ya mtu mwingine, italeta ya kwake, si yako. Yafaa uiambie wazi:

pip download numpy==1.24.4 --only-binary=:all: --platform win32 --python-version 38

Kwa Windows nyingine badili win32 iwe win_amd64. Kwa Linux andika manylinux2014_x86_64. Kila faili yazidi megabaiti kumi, basi mzazi atakayetusaidia kwa bando lake na asome jina kabla ya kufunga simu. Ukifika shuleni, fungua folda yenye faili hizo ndani ya flashi, uandike:

python -m pip install --no-index --find-links=. numpy==1.24.4

Katika Linux andika python3. Neno no-index humkataza pip kwenda intaneti, na ile nukta humwonyesha folda uliyomo. Akiikuta faili yake kati ya zile tatu, huichukua mwenyewe.

Faili zote tatu zimo katika flashi ya chama, kabatini kwa mwalimu wetu wa Hesabu. Bado Matplotlib ya kuchorea grafu, ambayo huandamana na maktaba nyingine kadhaa, na baadhi yake zina majina ya mashine vilevile. Vijana wa Kidato cha Tatu watakaoishika kazi hiyo waanze na zile Windows nne za biti 32.